Binti wa Nesi na Mtoto wa Kuazima

Ninyi wauguzi wapya mmeniomba niwasimulie kazi ya kliniki ya mama na mtoto, kwa kuwa nimeifanya Kasulu tangu usichana mpaka nywele zikawa hivi mnavyoziona. Najua mlichotaka. Mlitaka mambo ya kujivunia, watoto niliowaokoa, akina mama wanaonisimamisha sokoni kunishukuru. Wapo, na nikianza kuwataja hamtaondoka hapa. Lakini leo nawapa aibu. Ingekuwa aibu ya zamani ningeisimulia nikicheka. Hii imenipata nikiwa nimeshastaafu, niko zangu shambani napalilia maharage, nikidhani habari za matiti na mizani nimezikabidhi pamoja na ufunguo wa kabati. Bado inaniwasha.

Jina langu ni Dafroza. Akina mama waliniita Sista, ingawa utawa siujui na mume nilikuwa naye. Nyuma ya mgongo waliniita Mama Mzani. Nilikuwa na sauti, jamani! Nikisoma uzito wa mtoto pale barazani, muuza nyanya ng'ambo ya barabara aliusikia. Mtoto akipungua nilimwuliza mama yake mbele ya foleni nzima, "Umemfanya nini mtoto?" Mimi nilidhani huko ndiko kufundisha.

Sasa, binti yangu Imelda ameolewa Kibondo na mwalimu anayeitwa Yona. Alipojifungua mtoto wake wa kwanza, wakampa jina Elia, mimi nilikuwa nyumbani Kasulu mguu kwenye plasta. Niliteleza kisimani nikiopoa mihogo niliyoiloweka, nikavunja kifundo. Kwetu mama ndiye wa kwenda kumkanda binti yake na kumpikia uji, na mama mkwe wake Imelda alishafariki. Kwa hiyo nikamlea kwa simu. Kila asubuhi nilimpigia. Maji hapana! Uji hapana! Asali hapana! Anyonye tu, kila akitaka, usiku na mchana! Naye akajibu, "Ndiyo mama. Ananyonya vizuri, mama." Kisha akanitumia picha.

Mtoto wa kwenye picha alikuwa mnene huyo! Mikono ina mikunjo, mashavu yamejaa mpaka macho yamebanwa. Nikazipeleka picha kwenye jumuiya yetu ya kanisa, tunakokutana kusali nyumba kwa nyumba. Simu ilizunguka kuliko kitabu cha nyimbo. "Maziwa ya mama matupu hayo," nikawaambia. "Na mkono wa bibi yake, ingawa uko mbali." Palikuwa na mama mmoja ambaye binti yake alikuwa anampa mtoto maziwa ya kopo, nami nikahakikisha simu imemfikia yeye mara ya pili. Baadaye ilinibidi niwaeleze watu haohao, nikiwa nimesimama katikati yao, kwamba yule hakuwa mjukuu wangu. Yule mama ndiye aliyenisogezea kiti nikae. Afadhali angenicheka.

Plasta ilipotolewa sikumwambia mtu. Nilifunga dagaa, unga wa ulezi na chupa ya mawese, nikapanda basi dogo la Kibondo. Nilitaka kumshtukiza.

Imelda alifungua mlango akabaki ameushika. Akanisalimia "mwakeye," salamu yetu ya Kiha ya asubuhi, wakati ilikuwa jioni watoto wa shule wanarudi. Nikacheka, nikamwambia uzazi umemvuruga akili, nikapita ndani kumtafuta mjukuu wangu. Alikuwa amelala kwenye kiti, amefunikwa khanga. Nikaifunua.

Wanangu, nimeshika watoto wengi wenye njaa. Mikono iliwajua hata kabla ya mzani. Huyu nilipomwinua ngozi ya makalio ilining'inia kama suruali aliyoachiwa na kaka yake. Alifungua mdomo kulia na sauti haikuja. Dirishani palikuwa na chupa ya kunyonyeshea, ndani yake maziwa ya ng'ombe yaliyozimuliwa mpaka yanaonyesha upande wa pili.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Ni Elia, mama."

"Na yule wa kwenye simu?"

Akatazama chini. "Wa jirani."

Hapo ndipo mngetegemea nesi mzoefu afanye kazi yake, sivyo? Aangalie kama mtoto anapumua vizuri, ana joto, anaweza kumeza. Mimi nilipiga kelele. Maneno yakatoka yenyewe, na sauti ileile ya barazani: "Umemfanya nini mtoto?" Imelda akakaa sakafuni palepale aliposimama. Hakulia hata. Ni Yona aliyekuja kutoka uani mikono ina sabuni. Kijana huyu alikuwa hajawahi kunitazama usoni tangu amuoe binti yangu, ndivyo adabu ya mkwe ilivyo kwetu. Siku hiyo alinitazama. "Mama," akasema, "kwa heshima zote, tumshughulikie mtoto kwanza. Mengine utatugombeza njiani."

Tukaenda hospitali. Wodini tukapokelewa na muuguzi mmoja, nikamtambua: Winfrida. Alifanya mazoezi ya kazi chini yangu Kasulu akiwa mwanafunzi, mwembamba, mwoga, nilimliza mara mbili. "Shikamoo Sista," akasema. Nikaitikia, nikaanza kumweleza historia ya mtoto, umri, chakula, kila kitu, kwa lugha yetu ya kazi ili ajue anaongea na nani. Alinisikiliza kwa adabu. Akampima mtoto, akamwita daktari, wakahakikisha hana homa wala maambukizi. Halafu akavuta kigoda akakaa mbele ya Imelda, magoti yakikaribia kugusana, akamwuliza, "Mama Elia, unajisikiaje?"

Imelda akamkodolea macho. Nadhani tangu ajifungue hakuna aliyemwuliza habari zake yeye.

"Ungependa mama yako awepo tukiongea?" Winfrida akauliza.

Nilishaanza kuvuta kiti. Imelda akasema, taratibu, "Akae nje."

Nikakaa nje, kwenye benchi, pamoja na ndugu wa wagonjwa na masufuria yao. Mwanamke mmoja akaniuliza kama nina mgonjwa ndani. Nikasema ninaye mjukuu. Akauliza mbona basi siko naye. Nikajifanya sijasikia.

Kwenye benchi lile ndipo akili ilipoanza kuunganisha mambo. Nilijiuliza Imelda ametoa wapi ujanja wa kuazima mtoto. Nikapata jibu.

Zamani nilikuwa na mama mmoja kutoka Kitanga. Mtoto wake alikuwa hapandi uzito, na kila mwezi nilimgombeza mbele za watu. Mwezi mmoja akaja na mtoto mnene. Nikamtundika kwenye mzani, nikasoma kilo kwa sauti, nikawaambia wenzake wampigie makofi, wakapiga. Kisha nikamvua mtoto ile suruali ya kupimia. Alikuwa wa kike! Mtoto wa yule mama alikuwa wa kiume. Baraza zima lilianguka kwa kicheko, na mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yule mama alimfunga mtoto wa watu mgongoni, akaondoka, hakurudi kliniki yangu tena. Mtoto wake halisi sijui alipona au hakupona. Sikumfuata. Nilichofanya ni kuigeuza kichekesho cha mezani. Imelda alikua akikisikia. Wageni wakija ndiye aliyekuwa akinivuta gauni: "Mama, wasimulie yule wa mtoto wa kuazima!"

Basi binti yangu alijifunza kwangu jinsi ya kudanganya mzani, na alijifunza pia kwangu namna ninavyowacheka wanaoshindwa kunyonyesha.

Mtaniuliza, kwani hukufundishwa vingine? Nilifundishwa. Mkunga aliyenilea kazini, Mama Tekla, alikuwa akiingia wodini anakaa kwanza, ndipo anasema. Nilimwona mzembe. Mimi nilikuwa mtu wa maelekezo, na maelekezo yenyewe yalibadilika chini ya miguu yetu. Nilipoanza tulinyonyesha kwa kutazama saa, na mtoto mchanga tulimpa maji ya glukosi. Yakaja mengine, tukafuta. Ikaja shida ya virusi vya UKIMWI, tukawaambia akina mama wenye maambukizi waogope maziwa yao. Baadaye tukawaambia wanyonyeshe na wameze dawa bila kukosa. Kila mara nilikuwa na uhakika uleule na sauti ileile. Sijawahi kumwambia mama hata mmoja, "Hili jana nilikwambia vibaya."

Alichofanya Winfrida mle ndani nilisimuliwa na Imelda baadaye, na hiki mkishike kwa sababu ndiyo kazi yenyewe. Hakutoa hotuba. Alimwambia amnyonyeshe mtoto kama anavyofanya nyumbani, akatazama tangu mwanzo mpaka mtoto alipoachia. Akaona mtoto anashika chuchu tu, mdomo umebana. Ndiyo maana chuchu zilikuwa zimepasuka, Imelda anakaza meno kila akinyonyesha, na maziwa hayatoki vizuri. Maumivu yakamfanya apunguze kunyonyesha, akaongeza chupa. Titi lisilonyonywa halitengenezi maziwa, hilo mnalijua. Winfrida akamgeuza mtoto tumbo kwa tumbo na mama yake, akasubiri apanue mdomo kama anayepiga mwayo, ndipo akamsogeza kwa haraka, kidevu kwanza, mpaka sehemu kubwa ya ule weusi wa titi ikaingia kinywani. Kwa kuwa maziwa yalikuwa yamepungua na mtoto hana nguvu, wakabandika kamrija kembamba pembeni ya chuchu, ncha nyingine ndani ya kikombe chenye maziwa aliyoandikiwa na daktari. Mtoto akinyonya anapata ya kikombe, na titi linaamshwa kwa wakati mmoja. Kazi ya subira hiyo! Msijaribu nyumbani bila mtu anayeijua.

Asubuhi nilitumwa dukani kununua sabuni na chupa ya chai. Duka la karibu lilikuwa la mzee mmoja wa Kiislamu, watu wanamwita Mzee Salum, asili yao Ujiji. Nikaona makopo ya maziwa ya watoto yamepangwa rafu ya juu. Nikapata pa kuitua hasira yangu. Nikamwambia yeye na makopo yake ndio wanaoharibu watoto wa watu.

Alinisikiliza, akafunga sabuni kwenye gazeti. "Mama yangu," akasema, "kuna watoto mama zao wamefariki, nao wanakula. Mimi nauza. Lakini kila binti akija nauliza kama amepita hospitali. Wiki hii amekuja mmoja, mke wa mwalimu, mtoto amekonda, masikini. Anataka kopo. Nikamwuliza, binti, wewe huna mama wa kukuelekeza?"

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Ninaye, lakini ni nesi.'" Mzee Salum akatikisa kichwa. "Sikumwelewa. Ningekuwa na mama nesi, mimi ningeshukuru Mungu."

Nililipa nikatoka, nikasahau chupa ya chai. Alimtuma mtu anifuate nayo mpaka getini.

Walipotolewa wodini nilibaki Kibondo. Sikumwomba Imelda ruhusa, nilimwomba Yona, kwa woga. Nikawa mchota maji, mpishi, mfua nepi. Imelda akitaka kunyonyesha aliingia chumbani akarudisha mlango, na mlango ule ulikuwa na komeo, nililisikia. Sikulalamika. Nilipeleka uji wa ulezi nikauacha kizingitini, kama mtu anayelisha paka mgeni.

Mambo mengine aliniambia kidogo kidogo, mimi nikichambua maharage na yeye akinipa mgongo. Aliniambia alivyotafuta msaada kila mahali. Majirani walimwambia amembemenda mtoto, yaani amelala na mume wake kabla ya wakati na maziwa yameharibika, hivyo akaacha kutoka nje. Kwenye simu akampata mwanamke anayeuza unga wa kuongeza maziwa, akanunua, akaharisha. Mwingine akamwambia maziwa yake ni mepesi, ampe ya ng'ombe. Hakuna hata mmoja aliyeomba kumwona mtoto akinyonya. Nikamwuliza, sauti ya chini kabisa ambayo sikujua ninayo, "Na mimi?"

"Wewe ulikuwa unapiga kila asubuhi, mama. Nilikuwa naishika simu, nasema leo nitamwambia. Halafu wewe unaanza: maji hapana, uji hapana. Naona foleni yote ya kliniki imesimama nyuma yako."

Aibu ya namna hii haitoki kwa kuomba msamaha. Niliomba. Alisema, "Yameisha, mama," kwa sauti ya mtu anayefunga duka. Mlango ukaendelea kuwa na komeo.

Kwa hiyo mzazi mpya akiwauliza amwamini nani, msikimbilie kujitaja. Mwambieni amtafute mtu anayetaka kumtazama mtoto akinyonya kabla ya kusema chochote, asiye na kitu cha kumuuzia, na ambaye akiambiwa "nimempa maji" hatabadilika uso. Hilo la uso ndilo gumu. Jifunzeni mbele ya kioo, sitanii. Mama akiogopa uso wako atakuambia unachotaka kusikia, nawe utaandika kwenye kadi kwamba mtoto ananyonya vizuri, na nyumbani mtoto anakwisha.

Elia alianza kupanda. Polepole, siku nyingine nusu ya tulichotarajia, siku nyingine hakuna. Nepi ndizo zilinipa habari, maana ndizo nilizoachiwa. Zilianza kuja nzito, zimelowa kweli, na mimi nilizifua nikiimba peke yangu uani. Ule mrija ukatolewa. Kikombe kikatolewa. Sauti ya kulia ikarudi, na alikuwa na sauti huyo, ole wetu! Yona akasema amerithi upande wa mama. Hakuna aliyecheka mpaka nilipocheka mimi.

Siku moja mchana mvua ilikuwa inapiga bati, nikasikia Imelda ananiita kutoka chumbani. Nikadhani anataka maji. "Hapana," akasema. "Njoo uangalie. Anashika, anaachia, anashika. Sijui nakosea nini."

Mlango ulikuwa wazi. Nikanawa mikono, muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nikaingia nikakaa chini kwenye mkeka, mbele yake. Nikatazama. Nilitafuta kosa, siwafichi, ndiyo mazoea yangu ya maisha. Mdomo ulikuwa wazi, ule wa chini umegeukia nje, kidevu kimezama kwenye titi, namsikia anameza. Akishiba kidogo anaachia, anatazama bati linavyovuma, anarudi. Kidole kimoja cha Imelda kilikuwa karibu mno na weusi wa titi. Jambo dogo, wala halikumzuia mtoto. Ulimi wangu ulishafika kwenye meno. Nikaurudisha.

"Uko sawa," nikamwambia. "Hukosei kitu. Anasikiliza mvua tu."

Nikaona bega la Imelda linatikisika, mtoto naye anatikisika nalo huku ananyonya. Nikaogopa. Nikamwuliza kama kuna maumivu.

Akatikisa kichwa kwamba hakuna. Akafuta uso kwa ncha ya khanga.

"Rudia, mama," akasema.

Nikarudia.